Uzi wa Ndani ya Upindo

Nyumbani, 2 Julai

Kwa mke wangu kipenzi, na kwa yule mzee anayemng'ang'ania,

Shikamooni wote wawili. Babu namwamkia kwa shingo upande, kwa sababu amenichukulia mke wangu akampeleka kulala chini juu ya mawe, na kitanda kipo hapa kimetandikwa. Watu wakistaafu hununua viti vya kuegemea. Nyie mmebeba hema, sufuria na ufito wa kuvulia, mkapanda mlima na magoti yanayolia kama bawaba. Haya, heri yenu.

Naandika kwa kuwa huko juu simu zenu ni za kutazamia saa tu. Dereva wa gari la maziwa amekubali kupeleka na kurudisha barua. Nimemlipa kwa kumshonea zipu ya koti, na nimeishona vizuri mno, kwa sababu sasa halifunguki. Amelivulia kichwani.

Cherehani iko mikono salama. Babu, usitikise kichwa, nakuona. Ulipofunga duka ulisema mteja akija nimwambie fundi amepumzika. Nami nawaambia hivyo hivyo, kisha naongeza, "Lakini fundi mkuu yupo." Na mnajua nani kaingia juzi? Mwalimu mkuu. Yule yule aliyesema mbele ya shule nzima kwamba mimi sitafika popote. Suruali ya kahawia mkononi, anataka ipunguzwe kiuno. Nikamwambia, "Kweli mwalimu, sijafika popote. Wewe ndiye umefika kwangu. Inua mikono nikupime." Hakucheka. Ndiyo maana niliacha shule kidato cha pili, pale watu hawacheki. (Najua, Bibi. Niliacha kwa hiari yangu na ya mwalimu mkuu.)

Nyumba ni kimya tangu mwondoke. Jana nilifungua kabati nikakuta pale hema lilipokuwa limekunjwa pamebaki ile harufu ya moshi na nyasi mbichi. Nikakumbuka ile mara mliyonichukua, nikiwa mdogo bado nalala katikati yenu. Babu kasimama mtoni maji yamefika mapajani, mshipi unakwenda nyuma, unakuja mbele, kama mtu anayeandika hewani kitu ambacho hataki tukisome. Bibi kwenye lile jiwe bapa na birika lake, anamkosoa. Mimi narukaruka juu ya mawe hadi nikadumbukia. Babu alinikamata kola, akaninyanyua maji yakinichuruzika, akasema, "Mke wangu, samaki mkubwa wa mwaka huu ndiye huyu, na hana hata nyama." Hapo ndipo nilipoitwa Kiroboto, na jina likaninata.

Sasa niulize kwa utaratibu. Babu, pale mlangoni ulipokuwa unafunga mizigo ulisema, "Mwaka huu nikikosa samaki, hema namwachia mlinzi wa mto, na mlima nausalimia kwa mbali." Mimi nilicheka. Baadaye nikakumbuka kwamba wewe hukucheka. Ulikuwa unatania, sivyo? Hema lile mimi nimeshalirithi moyoni. Mkitaka kuligawa, mje kwanza kwa mwenyewe.

Mume mdogo na fundi mkuu,
Kiroboto


Mtoni, 6 Julai

Mume wangu wa pili,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya moto. Babu yako alipofika pale kwa mwalimu mkuu alicheka hadi akakohoa, kisha akasema, "Huyo mtoto atanifungia duka ambalo nimeshalifunga." Tafadhali usimshonee mtu suruali ya kisasi. Kiuno cha mtu hakina kosa.

Tumelisimamisha hema mahali pake pa siku zote, chini ya ule mwamba uliochongoka. Zamani babu yako alikuwa akigongomea vigingi huku anapiga mluzi, mimi nikiwa bado natafuta viatu vyangu. Safari hii tulisaidiana, tukapumzika, tukasaidiana tena. Lakini lilipokwisha kusimama, nikaingia, nikasikia ile harufu uliyoitaja, nikakaa tu. Kila mwaka wa maisha yangu ya ndoa umo ndani ya turubai hili. Hata ile mvua ya mwaka wa kwanza, naapa bado haijakauka vizuri kwenye pembe ya kushoto.

Samaki ni wengi. Kila jioni babu yako anarudi na wawili, au mmoja mnene mwenye madoadoa hadi mkiani. Tunawabanika. Jambo moja tu limebadilika: siku hizi anakwenda peke yake kwenye kona ya juu, nyuma ya miti. Zamani alikuwa akisimama mbele ya jiwe langu ili nimwone, na ili nimkosoe. Anasema samaki wamehamia juu. Basi mimi nakaa na birika langu, nalikosoa birika.

Unajua mwaka ule wa kwanza hakuvua kitu? Alinasa kofia yake, akanasa mti, akanasa shati lake mgongoni. Mimi nikajitia kumsaidia, ndoana ikanichoma kidole gumba. Nilikuwa mkunga kijana, wodi nzima ikinisubiri kazini. Alikishika kile kidole kama kwamba kimekatika, akaapa palepale: "Tangu leo wewe hugusi ndoana, nami sigusi sufuria. Mikono hii inapokea watu." Na sheria hiyo tumeishika hadi leo. Ndiyo maana hajui kupika hata chai, na mimi sijui kufunga kwenye ndoana hata nzi mmoja wa bandia, wale wa manyoya na uzi wa kuhadaa samaki.

Kula vizuri. Usimwache paka alale kwenye vitambaa vya wateja.

Mkeo mkubwa,
Bibi


Mtoni, 7 Julai

Kiroboto,

Hii ni yako peke yako. Dereva nimemkabidhi mkononi, na bibi yako anadhani nimekwenda kununua maziwa. Mwandiko usiucheke.

Samaki anaokusimulia bibi yako si wangu. Sijavua hata mmoja. Nakwenda kona ya juu, nakaa juu ya gogo, na jioni mlinzi wa mto ananigawia wake. Miaka ya nyuma niliwahi kumshonea koti la mvua, basi anajiona ana deni la wema. Napokea, nasema asante, narudi nao kwa bibi yako nikitembea kama mshindi.

Ni vidole. Mkono wa kurushia ni mzima kabisa, mshipi bado unakwenda ninakoutuma. Lakini vidole vinatetemeka. Nzi wa kuvulia ni mdogo kuliko ukucha, na tundu la ndoana yake ni dogo kuliko tundu la sindano. Siwezi kupitisha uzi. Siwezi kufunga fundo. Kidogo nilichofunga kimefunguka chenyewe majini, na nzi wangu wa zamani wote wamekwenda na mto. Na duka pia nililifunga kwa ajili hiyo hiyo. Watu niliwaambia ni mgongo.

Basi fundi mkuu, onyesha ufundi. Nitengenezee nzi. Umeniona nikiwatengeneza tangu ukiwa unatambaa chini ya meza ya kukatia: unyoya wa shingo ya jogoo, na kiwiliwili unakizungushia uzi hadi kinenepe kidogo. Tumia ile rili ya uzi wa kahawia iliyo kwenye droo, kwa sababu wadudu wa mtoni mwezi huu ni wa kahawia. Kila nzi mfungie kabisa kipande cha mshipi chenye kitanzi mwishoni, ili kazi yangu iwe kupachika kitanzi tu. Hilo nitaliweza.

Bibi yako asijue. Nilipomtolea tepu nimpime kwa mara ya kwanza alinitazama mikono, akasema, "Wewe ndiye fundi kweli." Acha aendelee kuona mikono ile.

Na kuhusu hema, sikuwa natania. Siwezi kuja hapa kila mwaka kula samaki wa kuhurumiwa. Nikivua mmoja tu kwa mkono wangu, mwakani tunarudi. Nikikosa, mlinzi ana watoto, watalitumia.

Babu yako


Nyumbani, 10 Julai

Kwa Babu peke yake, Bibi ukiifungua hii kope zitakuota nywele nyeupe,

Mzigo huu hapa. Wamo ndani ya kile kisanduku cha chaki, wamelala juu ya pamba kama wafalme. Utanishukuru ukitulia.

Kwanza manyoya. Jogoo la jirani lilikuwa na shingo ya kujivunia. Nililifuata nyuma ya banda, tukajadiliana, likanipiga teke, nami nikachukua nilichohitaji. Sasa linatembea uani bila kola. Jirani anauliza ni ugonjwa gani. Nimemwambia ni mtindo.

Pili uzi. Hapa nisikilize bila hasira. Ile rili ya kahawia imepata kazi nyingine. Suruali ya mwalimu mkuu niliipunguza kiuno, kisha nikagundua nimeishona pamoja na mfuko, mkono hauingii. Nikafumua. Nikashona tena, nikakamata mguu wa pili. Nikafumua. Kwa ufupi suruali imetoka nzuri na rili imekwisha. Madukani nimezunguka, uzi wao ni wa plastiki, unateleza kama uongo.

Lakini fundi hakwami. Nilifungua sanduku la Bibi, lile la chini ya kitanda, nikitafuta vitambaa vikuukuu. Chini kabisa, pamoja na dawa ya nondo, nikakuta gauni moja la buluu, la zamani za kale, kiuno kidogo kama shingo ya chupa. Limepauka, hakuna anayelivaa, na hakuna anayeweza kuliingia. Nikaukunjua upindo. Babu! Uzi wa hariri! Mwembamba, mgumu, na kule ndani ambako jua halijawahi kufika ni buluu ya kukata na shoka. Nimefumua upindo kidogo tu kwa nyuma. Nzi wametoka wazuri hadi mimi mwenyewe nilitaka kuwameza. Samaki akikataa hawa, huyo si samaki, ni jiwe lenye mkia.

Kitanzi nimekifunga kwa fundo langu la kamba za viatu. Halijawahi kuniangusha, ila mara chache nilizoanguka.

Babu, kuhusu vidole. Nilikuwa nakuona unamwaga chai kwenye kisahani na kuinywa humo, nikadhani ni madaha ya uzeeni. Nami nikaanza kuinywa hivyo hivyo ili nifanane nawe. Ningejua ningekushikia kikombe. Yameisha hayo, usinijibu.

Siri yako ninayo. Hata nikifinywa.

Kiroboto


Mtoni, 11 Julai

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume kwa sababu nina la kukuomba, na mume haombwi, huamrishwa.

Nilikuambia samaki ni wengi. Ni wengi, lakini si wa babu yako. Nimewapika samaki wake maisha yangu yote. Yeye huwalaza kwenye mfuko juu ya nyasi mbichi, hata siku moja hajawahi kuwatunga. Hawa wanaokuja sasa wametungwa unyasi kwenye matamvua, kila jioni, na anayetunga hivyo mto huu ni mmoja tu, mlinzi. Sijamwambia babu yako kitu. Nawasifia, nawabanika, tunakula.

Ila nimekaa na jiwe langu nimefikiri. Mtu anayekwenda mtoni asubuhi akashinda huko bila kuvua, na hataki mkewe amwone, mtu huyo kachoka. Kachoka na mto, au kachoka na kukosolewa. Nafikiri mwaka huu alikuja kwa ajili yangu tu, na anaona haya kusema turudi. Nami nisingependa tumalize hivi, tukidanganyana kwa samaki wa watu. Bora tuondoke na heshima yetu.

Basi nakuomba uandike kwamba unaumwa. Usizidishe, homa tu, na kwamba huna wa kukupikia uji. Nitamsomea, tutakunja hema, na hema nitamwachia mlinzi mimi mwenyewe, asije akaona uchungu wa kulitoa. Jana nilimgusia mlinzi. Alisema atakuja na punda siku ya Jumanne.

Fanya hivyo, na usiniulize maswali.

Bibi yako


Mtoni, 13 Julai

Kiroboto,

Umefumua gauni gani?

Hilo ndilo gauni nililomshonea kabla hatujaoana. Nilimpima mara tatu, mara mbili hazikuwa na haja. Alilivaa hadi hapa mtoni mwaka wa kwanza, likalowa, akalikausha juu ya hema. Ameapa atazikwa nalo likiwa limekunjwa kifuani. Na wewe umelifanya chambo!

Usiliguse tena. Wala usijitie kuurudishia upindo. Nitafikiri.

Nzi wako nimewaficha ndani ya kofia. Nitawatumia, sina wengine. Lakini nikiutazama ule uzi vidole vinazidi kutetemeka.

Babu yako, ambaye angekuwa karibu angekupinda wewe upindo


Nyumbani, 14 Julai

Kwa Bibi,

Mimi siumwi. Nimejaribu. Baada ya barua yako nililala, nikajifunika blanketi mbili, nikafikiria homa. Njaa ikanijia. Nikaamka nikala mikate mitatu. Mtu mwenye afya kama yangu akidai kuumwa hata paka atacheka.

Bibi, mimi kusema uongo si kazi ngumu, wewe unanijua, nina kipaji. Ila huu mmoja hautoki. Nikiuandika, Jumanne punda anaondoka na hema. Na mimi ninalipenda lile hema. Nyie mnaona ni turubai lenu la ndoa, lakini na mimi nimelala ndani yake mara moja, katikati, mmoja wenu huku na mwingine kule, na tangu siku hiyo sijapata usingizi kama ule. Nilikuwa nasubiri mniambie tena, "Kiroboto, chukua viatu." Hamjaniambia. Nikajifanya sijali.

Kuhusu Babu kuchoka, siwezi kusema kitu. Nimeapa kwa mtu fulani na mtu huyo sitamtaja, ana upara na hupiga chafya mara saba. Ila nakuuliza, tangu lini wewe mkunga ukasubiri nje ya mlango? Wodini ulikuwa unaingia, unawafukuza madaktari. Leo mume wako yuko nyuma ya miti mitatu, nawe umekaa na birika.

Na kama umekasirika kwa jambo lolote lile la nguo, hata kama hujalijua bado, naomba msamaha mapema. Nimeona bora msamaha utangulie kosa.

Mumeo mdogo, mzima wa afya kwa masikitiko,
Kiroboto


Mtoni, 18 Julai

Kiroboto,

Kaa chini kabla hujasoma.

Barua yako ya kukataa kuumwa imefika jana, mambo yameshakwisha. Nitakueleza yote, na babu yako yuko hapa pembeni anadai nimwonyeshe kila sentensi.

Jumamosi alirudi kutoka kona ya juu amelowa hadi kiunoni, mikono mitupu. Hata samaki wa mlinzi hakuwa naye. Akapita mbele yangu haraka kuingia hemani, na alipogeuka nikaona kitu kimemnasa kwenye sweta, kati ya mabega, mahali mkono haufiki. Nikasema, "Simama, una mdudu." Akasema, "Mwache." Nikamwambia, "Mume wangu, nimetoa watoto waliokaa vibaya, sitashindwa na mdudu."

Nikamtoa. Nikamweka kiganjani, karibu na moto. Nikamtazama.

Kiroboto, buluu ile mimi niliiona mara ya mwisho siku niliyovaa gauni lile nikapanda mlima huu nikiwa na viatu visivyofaa na mume nisiyemjua vizuri. Jua na sabuni vililipausha. Mwenyewe nilikuwa nimeshasahau, nikidhani ndiyo rangi yake, hiyo ya majivu. Kumbe ndani ya upindo ilikuwa inanisubiri. Nilijua hata kabla sijajua kwamba najua. Nikamwuliza, "Uzi wangu umefikaje mgongoni kwako?"

Akajaribu kutunga. Hana kipaji chako. Alianza na ndege aliyebeba uzi, akafika katikati ya ndege, akakwama. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele ya moto, akaniacha nitazame.

Sasa nawe unajua nilichokiona. Mimi nilidhani amechoka nami. Yeye alidhani nitaona mikono ya mtu mwingine. Nilimkemea sana. Nilimwambia, "Umenilisha samaki wa mlinzi wiki mbili, mzee mzima, na mimi nikawasifia!" Akasema, "Wewe ulijua?" Nikasema, "Wametungwa!" Hapo tukacheka, wakati kila mmoja alikuwa amejiandaa kulia.

Fundo lako la kamba za viatu ni aibu ya ukoo. Nzi wako wote walimtoka majini, huyu mmoja ndiye aliyerudi nyuma akamdaka sweta. Asubuhi nikauvunja ule mwiko. Nikaukamata mshipi, nikaishika ndoana kwa kucha, nikafunga kwa fundo langu. Nimefunga vitovu vya mji mzima kwa fundo lile, Kiroboto, na chako kimo, kwa hiyo uheshimu. Babu yako alikuwa anatazama kidole changu gumba tu, anasema, "Pole pole. Pole pole." Nikamwambia, "Mimi ndiye huwaambia watu hivyo."

Akasimama mbele ya jiwe langu, pale pa zamani. Mkono wake, mjukuu wangu! Mkono hauna habari kwamba vidole vimezeeka. Mshipi ukaenda nyuma, ukaja mbele, nzi akatua juu ya maji kimya kimya. Nikamkosoa: nilisema karibu mno na jiwe. Akarusha tena palepale kunikomoa. Na palepale maji yakapasuka.

Alikuwa mdogo. Nakwambia ukweli kwa sababu yeye atakwambia vingine. Alikuwa mdogo kama kiganja, na babu yako alimshika kwa mikono yote miwili inayotetemeka, samaki naye anatetemeka, sikujua nani anamtikisa nani. Nikamtoa ndoana mimi. Akaniuliza, "Tumle?" Nikamwambia, "Mrudishe, mwakani atakuwa amenenepa." Alipokwisha kumwachia ndipo nikasikia nilichokisema.

Mlinzi alikuja Jumanne na punda wake. Tukampa chai. Babu yako ndiye aliyeipika, kwa kuwa sheria imekwisha kuvunjika pande zote. Ilikuwa mbaya. Punda alirudi bila mzigo.

Kuhusu gauni langu: tukifika nyumbani nataka upindo uwe umerudishwa, kwa mkono, si kwa cherehani, na mishono nisiione. Hiyo ndiyo adhabu yako, na babu yako ataikagua.

Mkeo,
Bibi

Kiroboto, samaki alikuwa mkubwa. Usimsikilize. Mwandiko wangu ni huu huu, uzoee. Mwakani chukua viatu. Babu.


Nyumbani, 21 Julai

Kwa mke wangu, na kwa mvuvi mashuhuri wa samaki wa kiganja,

Barua nimeisoma nikiwa nimekaa chini kama nilivyoagizwa. Kisha nikasimama, nikaisomea paka, kisha jirani, ambaye sasa anajua manyoya ya jogoo lake yalikokwenda. Amesema nikiwa na haja tena nibishe hodi. Jogoo lenyewe halijakubali.

Mwalimu mkuu alipita kuchukua suruali. Akatia mkono mfukoni, ukaingia. Akatazama mishono, akanitazama, akaondoka. Mlangoni akageuka, akasema, "Hebu punguza na hii nyingine." Simwiti rafiki bado, lakini ninamfikiria.

Vikombe nimepanga upya. Vile vidogo vya masikio nimevipandisha juu, na mbele nimeweka yale makopo makubwa ya bati yenye mishikio miwili. Matatu. Nikiulizwa, ndiyo mtindo wa nyumba hii.

Na gauni. Bibi, nimelikalia siku nzima kwa sindano, mimi ambaye mlikuwa mkisema sikai. Nilipata uzi wa hariri ndani ya mkunjo wa kiuno, ule ule, mbichi kama siku ile. Nimeshona kwa mkono, mishono midogo mpaka macho yamekengeza. Babu akague na miwani yake miwili, haoni kitu. Nimelikunja, nimelirudisha chini ya sanduku mahali pake, na dawa ya nondo mpya.

Ila mtakapolitazama kwa nyuma, karibu na mshono wa ubavu, mtakuta pamebaki upana wa vidole viwili upindo uko wazi, uzi unaning'inia. Babu, usianze kupiga kelele. Sijasahau, wala si uvivu. Hapo sijashona kwa makusudi.

Ni kwa ajili ya nzi wa mwakani.

Viatu nimeshavitoa chini ya kitanda.

Kiroboto